Kontesti za redio ya ridhaa kwa uungwana: maswali tunayoulizwa sana hapa Unguja na Pemba

Kila ikikaribia Oktoba simu yangu haitulii, vijana wa mjini, wa shamba na wenzetu wa Pemba wote wana maswali kuhusu kontesti, na mengi ni yale yale. Nimeyaweka hapa kama yalivyoulizwa. Sheria kamili zipo kwenye kila kontesti yenyewe na lazima uzisome, mimi hapa naongelea zaidi ile sehemu ya heshima na haki ambayo watu huwa wanairuka.

Kontesti yenyewe ni nini?

Ni mashindano ya maopereta wa redio ya ridhaa. Ndani ya masaa yaliyowekwa unajaribu kuongea na stesheni nyingi kadiri unavyoweza, za nchi na sehemu tofauti, mnapeana taarifa fupi, unaandika kwenye logi, yaani daftari la kontakti zako, unakwenda kwa mwengine. Kubwa kuliko zote ni CQ World Wide, ya sauti ni wikiendi kamili ya mwisho ya Oktoba na ya Morse wikiendi kamili ya mwisho ya Novemba, kila moja masaa 48. Taarifa mnayopeana ni ripoti ya mawimbi na namba ya zoni, dunia imegawiwa zoni 40 na sie huku tupo zoni 37. Pointi za kontakti zako zinazidishwa kwa idadi ya nchi na zoni ulizopata kwenye kila bendi, kwahio nchi moja mpya inaweza kukubebea kuliko kontakti kumi za kawaida. Hapo ndo tamaa inapoanzia.

Leseni lazima?

Lazima, hata kwa kontesti ya siku moja. Leseni ni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na kolsaini, yaani jina la stesheni yako hewani, za huku kwetu zinaanzia 5H1. Ukiwa mgeni kwenye stesheni ya mtu unafuata masharti ya leseni ya stesheni hio, wala usianze na kusema nitaomba baadae.

Inaanza saa ngapi, na mbona logi yangu ilikutwa na makosa ya saa mwanzo mpaka mwisho?

Kwa sababu umeandika saa ya ukutani kwenu. Logi zote duniani ni UTC, saa moja ya dunia nzima, iliyo nyuma ya saa yetu kwa masaa matatu. CQ World Wide inaanza 0000 UTC ya Jumamosi, kwetu hio ni saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi, na inamalizika dakika moja kabla ya saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu.

Sisi tuna tabu ambayo Mzungu hana, maana kichwani tuna saa ya Kiswahili, kwenye simu ipo ya Afrika Mashariki, na logi inataka ya tatu. Mimi natumia njia hii: mchana chukua saa ya Kiswahili uongeze tatu, kwahio saa kumi jioni ni 1300. Usiku ongeza kumi na tano, kwahio saa sita usiku ni 2100, na ikifika 24 au kuzidi unatoa 24. Na kumbuka mpaka ifike saa tisa usiku tarehe ya UTC bado ni ya jana. Lakini bora zaidi iseti kompyuta yako vizuri halafu usiiguse, programu kama N1MM inaandika saa yenyewe. Hili naliweka kwenye uungwana kwa sababu logi yako ikiwa na saa mbovu unamuumiza na mwenzako pia, yeye kakuandika sahihi halafu wanaokagua hawamuoni kwako mahali alipopaswa kuwepo.

Nani atajua nikiongeza wati kidogo?

Swali hili naulizwa kwa sauti ya chini kila mwaka. Kategoria kwenye kontesti nyingi kubwa ziko tatu kwa upande wa nguvu: mpaka wati 5, mpaka wati 100, na kubwa ambayo CQ World Wide inaishia wati 1500, na hata hapo huruhusiwi kupita kile leseni yako inachosema. Ukijiandikisha wati 100 halafu ukawasha amplifaya ya wati 500 hakuna askari atakaegonga mlango wako Kwahani au Chake.

Ila usidhani hakuna anaeona. Kuna mtandao wa mapokezi unaitwa Reverse Beacon Network, mashine zilizotapakaa dunia nzima zinasikiliza Morse usiku na mchana na kuandika nani kasikika wapi kwa nguvu gani, na kumbukumbu zake ziko wazi kwa kila mtu. Kamati ya kontesti wana rikodi zao za bendi nzima. Logi za CQ World Wide zinawekwa hadharani, yoyote anaweza kukaa akazichambua. Stesheni ya wati 100 inayomzidi jirani yake mwenye wati 1500 kwenye kila bendi masaa 48 mfululizo itaulizwa, na watu wamefutwa kwa mambo kama haya.

Lakini hata hao wote wasingekuwepo, mimi ningekujibu vile vile. Logi ni amana. Yule kijana wa Brazil au bibi wa Finland aliekaa na wati zake 100 kweli kweli anaamini kwamba jina lako kwenye orodha lina maana ile ile na jina lake, hajakuona na hatokuona, kakuamini tu. Kumfanyia mtu hivyo ni sawa na kupunja mizani kwa mteja asiejua kusoma kilo. Mie siwezi kulifanya dogo hili jambo.

Nini tofauti ya kusaidiwa na kutosaidiwa? Mtandao upo, kwa nini nisiangalie?

Angalia, lakini sema umeangalia. Wewe umeshakaa barazani penye bao, unajua wachezaji wawili wako kimya na waliozunguka wote mafundi kuliko wao. Mmoja wao akipenyeza kidole kuonesha shimo, mchezo umeshaharibika, hata kama mchezaji angeliona mwenyewe baada ya dakika. Klasta, yaani orodha ya mtandaoni ya stesheni zilizosikika, ni hicho kidole, inakuletea kwenye skrini nani yuko wapi kwenye bendi na wewe unabonyeza tu. Kuna kategoria ya wanaotumia klasta na ni halali kabisa, na ipo ya mtu anaezungusha nobu mwenyewe na kutafuta kwa masikio yake. Kosa ni kutumia klasta halafu kujiandikisha kwenye ile ya pili.

Mtu ananambia "nimeifungua mara moja tu kuangalia kama bendi iko wazi." Basi umesaidiwa ndugu yangu, chagua kategoria hio nyengine, haipunguzi heshima yako hata chembe. Wanaokagua wanalijua hili kwa namna unavyoruka kwenye bendi, mtu anaetafuta kwa mkono anapita hatua kwa hatua, anaefuata klasta anadondoka juu ya stesheni adimu dakika ile ile ilipotangazwa, na akirudia hivyo mara arubaini haiwi bahati tena.

Na ile ya kufungua redio za mtandaoni zilizoko Ulaya usikilize kama unasikika, au umsikilizie kule mtu ambae kwako hasikiki, hio kwenye kontesti nyingi kubwa ni marufuku kabisa bila kujali kategoria. CQ World Wide inataka mitambo yako yote, ya kurusha na ya kupokea, iwe ndani ya duara la mita 500 au ndani ya mipaka ya kiwanja chako. Masikio yako yawe pale ilipo antena yako.

Naweza kujitangaza kwenye klasta, au kumwambia rafiki anitangaze?

Inategemea kontesti, kuna zilizoanza kuruhusu na kuna zinazokataa, kwahio soma sheria za mwaka huo huo sio za mwaka juzi. Pale pasiporuhusiwa kumwambia shemeji yako wa Dar akutangaze kila nusu saa ni kujitangaza vile vile, umebadilisha kidole tu. Na sisi huku hatuna shida ya kutangazwa, 5H1 ikisikika dakika mbili wameshatuweka wenyewe.

Nimekuta masafa matupu, naanza kuita?

Bado. Sikiliza kwanza, tena sio sekunde tatu. Halafu uliza: kwa Morse unatuma QRL, yaani masafa yanatumika, na alama ya kuuliza, kwa sauti unauliza kama masafa yanatumika na unataja kolsaini yako, unangoja, unauliza tena. Sababu ni hii, mawimbi ya HF, haya mafupi tunayotumia, yanaruka. Wewe uko Makunduchi humsikii Muitaliano kwa sababu kwako anapita juu, lakini yule anaeongea nae yuko Kenya na anakusikia wewe kama umekaa mapajani mwake. Ukimya wako sio ukimya wa kila mtu. Ukijibiwa "yanatumika" unasema samahani unasogea, hakuna mjadala.

Mtu amekuja kukaa juu yangu na mimi nipo pale masaa mawili. Masafa ni ya nani?

Sio ya mtu. Hakuna anaemiliki masafa, hata kama umekaa toka magharibi. Kiustaarabu aliekuwepo anaachiwa, lakini bendi zinabadilika, inawezekana mlikuwa wote pale saa nzima hamsikiani na sasa njia imefunguka mmekutana. Mwambie mara moja kwa upole kwamba masafa yanatumika. Akiendelea pima: ukibaki kugombana unapoteza dakika kumi na kontakti thalathini, ukisogea kilohezi mbili umepoteza dakika moja. Mimi nasogea. Usilipize, usimtusi, usimtumie mlio wa kutyuni juu yake, maana huko ni kuharibu kwa makusudi na leseni yako inahusika.

Kabla hujamlaumu jirani wa bendi angalia na mtambo wako mwenyewe. Watu wanafungua maiki mpaka mwisho, sindano inalala kulia, sauti inatapakaa upana wa stesheni tatu. Hio sio nguvu, ni uchafu. Kwa Morse ni zile klik pembeni ya mlio. Muulize mwenzako wa Wete akusikilize siku ya kawaida, sio siku ya kontesti.

Pailapu ikinifikia nifanye nini? Nasikia mlio tu kama mzinga wa nyuki.

Swali hili nalipenda kuliko yote, maana huku kwetu ndipo uungwana wetu unapoonekana kweli. Sisi ni zoni 37 na stesheni zinazosikika kontesti nzima kutoka zoni hii ni chache. Ukiita CQ, yaani mwito kwa yoyote anaesikia, kwenye bendi ya mita 15 alasiri, Ulaya nzima inageuka kukusikiliza, na pailapu, yaani lundo la watu wanaokuita kwa pamoja, linaweza kuwa la watu mia. Wao ndo wanaokuhitaji, na mtu anaehitajiwa namna hio ni rahisi kulewa.

Kwanza taja kolsaini yako. Kuna maopereta wanapiga kontakti kumi na tano bila kusema wao ni nani kwa kuona kutaja kunawachelewesha, matokeo yake watu wamepanga foleni kwa mtu wasiemjua, wengine wameshakupata kwenye bendi hio na wanarudia, wengine wanaingiliana kuuliza jina lako. Taja kila kontakti, ukizidiwa sana basi usipitishe mbili au tatu. Haikuchukui sekunde mbili.

Pili, ukishika herufi mbili za mtu, shikana na huyo huyo. Umesikia "Kilo Lima" mwishoni, sema Kilo Lima tano tisa thalathini na saba, yaani ripoti ya mawimbi na zoni yako, na wakija kumi wasiokuwa na Kilo wala Lima usimjibu hata mmoja wao, rudia Kilo Lima mpaka apite. Ukimjibu aliepiga kelele zaidi umewafundisha wote kwamba kelele inalipa, na dakika ya pili huna tena pailapu, una fujo ya Darajani mkesha wa sikukuu. Wakikuona una msimamo wanatulia wenyewe, nimeliona hili mara nyingi, na linafurahisha.

Tatu, wanyonge. Huyu mwenye wati 5 au yule wa Malawi mwenye waya juu ya muembe hawezi kushindana na Mjerumani mwenye mnara. Kila baada ya muda nyamaza kidogo, uliza kama kuna wati ndogo, au Afrika peke yake, halafu sikiliza kweli. Pointi utapata moja tu kwa sababu ni bara letu wenyewe, lakini anaweza kuwa nchi mpya kwako, na kwake yeye wewe unaweza kuwa kontakti ya siku nzima.

Nne, usiseme QSL, yaani nimepokea, kwa kitu ambacho hukukisikia ili lundo lipungue. Kama hujashika kolsaini nzima sema hujashika.

Na nikiwa mimi ndo naita?

Sikiliza, sikiliza, na ukimaliza sikiliza tena. Kama humsikii vizuri usimuite, hutomsikia atakapokujibu. Kolsaini yako nzima mara moja, sio herufi mbili za mwisho, maana hizo zinamlazimisha akuulize tena na umemla muda. Akimjibu mwengine kaa kimya, hata kama una hakika amekusudia wewe. Alfabeti tumia ile ya kimataifa inayojulikana.

Kuna na hawa mapolisi, mtu anaemfokea mwengine kwenye masafa kwamba asiite. Yeye mwenyewe ndo kelele ya pili. Usiwe mmoja wao.

Kwa nini kila mtu anampa mwenzake tano tisa hata kama hasikiki?

Desturi tu ya kontesti kubwa, imeshakuwa salamu. Programu inaijaza yenyewe na hakuna anaedanganywa kwa sababu kila mtu anajua. Siku za kawaida mpe mtu ripoti ya kweli.

Kontesti imeisha na nimegundua nimeandika kolsaini vibaya. Nirekebishe kabla sijatuma?

Hapana. Inauma, najua inavyouma.

Novemba moja, vuli imeshika, radi zinapasua kwenye hedifoni, kabla jua halijatoka nilikuwa mita 40 kwa Morse nikasikia mtu wa zoni 3, mwambao wa magharibi wa Marekani. Kwa waya wangu zoni 3 kwenye mita 40 ni kitu cha kumhadithia mtu. Nikamuita mara nne akanirudia, nikamuandika, herufi ya mwisho D, mstari na nukta mbili. Jumatatu mchana nimekaa na chai nasikiliza rikodi, maana mimi huwa narikodi, na pale kwenye ile herufi kuna ufa wa radi, na nyuma ya radi, ukiinamisha kichwa, ipo nukta ya tatu. Ilikuwa B. Kubadilisha ni kubonyeza kitufe kimoja, na hakuna kiumbe angejua.

Sheria ya CQ World Wide inasema wazi, kusahihisha kolsaini na taarifa baada ya kontesti kwa kutumia rikodi, daftari la majina, barua pepe au njia nyengine yoyote hairuhusiwi. Kinachopimwa ni ulichokisikia wakati ule, sio ulichokitafuta ukiwa umeshalala na kula. Kwahio niliituma D. Ripoti ilivyokuja ile kontakti imefutwa, na mbali na kufutwa wanakukata na pointi za ziada za adhabu, na zoni ikaondoka nayo. Mpaka leo zoni 3 mita 40 sina. Lakini zile nyengine zote zilizobaki ni zangu, na nikiziangalia naziangalia vizuri.

Unachoruhusiwa ni makosa ya uandishi ya logi yenyewe, mfano kategoria umeikosea kwenye kichwa cha faili, au jina lako. Kontakti ya kurudia mtu mara mbili kwenye bendi moja usiifute pia, iache, haikukati chochote na wanaokagua wanaihitaji.

Ami yangu yuko Pemba ana redio, awe ananijibu kila bendi mimi peke yangu?

Kwenye CQ World Wide kontakti ya nchi moja ni pointi sifuri, inakupa kizidishio tu. Na sisi, Unguja, Pemba na bara, wote tunahesabiwa Tanzania. Zamani Zanzibar ilikuwa nchi yake kwenye orodha ya DXCC, ile ya nchi zinazohesabiwa kwenye redio ya ridhaa, kolsaini zikianzia VQ1, ikatolewa, na kontakti zinazohesabika ni zile za mpaka tarehe 31 Mei 1974. Wazee wa nje bado wanauliza kadi za kuthibitisha kontakti za zama hizo.

Lakini hata kwenye kontesti nyengine, mtu anaewasha redio ili akupe pointi wewe tu na kukataa kuwajibu wengine anakufanyia ubaya. Akitoka, ajibu kila anaemuita. Mwambie ami afungue redio aiachie saa mbili tatu kwa wote, atapata raha kuliko hio ya kukungojea wewe.

Ni haki kweli sisi kupata pointi 3 kwa kila Mzungu wakati wao kwa wao wanapata 1?

Bara tofauti pointi 3, bara moja nchi tofauti pointi 1, ndo ilivyo, kwahio Afrika ina faida na kila mtu anaijua, ndo maana utaona timu za Ulaya zinafunga safari kuja kurushia visiwani. Upande wa pili, mwenzetu wa Ulaya ana umeme usiokatika, minara, duka la vifaa karibu. Sisi koaksi, waya wa kwenda kwenye antena, ikiharibika unangoja mtu atoke safari.

Hakuna kontesti ya dunia iliyo sawa kwa kila mtu, ni kama resi za ngalawa, upepo haugawiwi kwa mizani. Unajilinganisha na waliopo kwenye hali yako. Waliojaribu kusawazisha kweli ni WRTC, michuano ya timu za watu wawili iliyoanza Seattle mwaka 1990. Ile ya Wittenberg, Ujerumani, 2018, timu 63 zilikaa kwenye mahema eneo moja, antena za aina moja, wati 100 zile zile, refa ndani ya kila hema, na kolsaini unakabidhiwa muda mfupi kabla ya kuanza ili rafiki zako wasijue ni wewe. Hapo aliebaki ni opereta na masikio yake.

Na kuweka antena ya wima ufukweni si wizi, kama mtu alivyoniuliza. Maji ya chumvi yanasaidia mawimbi kutoka chini chini kuelekea mbali, na bahari ni ya kila mtu.

Majirani wananilalamikia kwamba naingia kwenye televisheni na spika zao.

Hili lilinitokea, na sio kwa televisheni. Kontesti ya sauti, Jumamosi, niko mita 40 naita kwa nguvu zote, wakati wa sala ya isha. Mtoto wa jirani akaja mbio kanigongea dirisha, "Ami, unasikika msikitini." Nikazima pale pale, mwili wote umeniisha nguvu. Jamaa wako kwenye sala na spika ya juu inatoa sauti yangu imekwaruza, hata maneno hayafahamiki.

Asubuhi nikaenda kwa imamu kabla ya kurudi kwenye redio. Alinipokea vizuri kuliko nilivyostahiki, akanipa mtu wa kupanda nae juu. Ukiangalia, waya kutoka amplifaya mpaka spika ya mnarani ulikuwa mrefu, umening'inia, na ncha ya antena yangu inapita kama mita sita kutoka hapo, yaani ule waya ulikuwa antena ya pili. Tukaufupisha, tukapitisha kwenye pete za feraiti mizunguko kadhaa upande wa amplifaya, na mimi nikaihamisha ncha ya waya wangu upande wa pili wa nyumba. Tukajaribu naita yeye anasikiliza, kimya. Toka siku hio wakati wa sala nanyamaza bendi zote, kontesti au si kontesti, na kabla ya wikiendi ya kontesti napita kwa majirani kuwaambia usiku wa wikiendi ile nitakuwepo, mkisikia kitu nigongeeni. Wiki moja kabla, sio baada ya kelele.

Kuna sehemu za bendi hazishikwi?

Zipo. Megahezi 10, 18 na 24 hazina kontesti, makubaliano ya dunia nzima, waachie wasiotaka kontesti nafasi ya kupumua. Megahezi 14.100, 21.150 na 28.200 kuna vinara vya kupimia hali ya mawimbi, usivifunike. 14.300 na 21.360 ni vituo vya mawasiliano ya dharura, na ukisikia mawasiliano ya dharura popote unanyamaza unaondoka. Mita 20 kwa sauti, sisi wa kanda ya kwanza ya IARU, umoja wa dunia wa redio ya ridhaa, kontesti tunabaki kati ya 14.125 na 14.300. Hata ndani ya hapo ukikuta wazee wawili wanazungumza habari zao, waache.

Sala, kulala, na Ramadhani je?

CQ World Wide haikulazimishi kupumzika lakini kontesti ya WPX, ile ya mwisho wa Machi na ya mwisho wa Mei, opereta wa peke yake anaruhusiwa masaa 36 tu kati ya 48, kwahio mapumziko yako unayapanga yaangukie kwenye sala na chakula na hupotezi kitu. Ikiangukia Ramadhani mimi nafanya kutoka futari mpaka daku na mchana nalala. Pailapu ukiiacha iage, sema unaondoka kwa dakika ngapi, usizime tu watu wakabaki wanakuita hewani.

Nimepata kontakti 40 tu, nitume logi?

Tuma. Logi yako ndo inayothibitisha kontakti za wale 40. Kama hutaki kushindana iandike kuwa ni logi ya kukagulia tu. CQ World Wide wanataka ndani ya siku 5 baada ya kumalizika, faili ya Cabrillo, programu inaitoa yenyewe.

FT8, ile ya kompyuta kuongea na kompyuta, ikijiendesha yenyewe nikiwa nimelala?

Hio sio wewe uliecheza. WW Digi, kontesti ya mawasiliano ya namna hio, inataka opereta aanzishe kila kontakti mwenyewe wakati ule ule.

Nikimuona mtu anafanya udanganyifu nimtangaze?

Usimtangaze. Andika saa kwa UTC, masafa, ulichosikia, rikodi kama unayo, upeleke kwa kamati ya kontesti hio kimya kimya. Unaweza kuwa umekosea, labda ana kategoria nyengine, labda walioko pale ni watu wanne na wewe ulidhani mmoja. Jina la mtu likishachafuliwa hadharani halioshwi na ripoti ya kamati. Na kama ni wa huku kwetu unaemjua, mfate kwanza nyumbani kwake, mkae, umuulize. Mara mbili nimefanya hivyo, na mara moja kati ya hizo nilikuta mimi ndie niliefahamu vibaya, mita yake ilikuwa inasoma wati 95.